Msicheke Rangi Mbili

Msomaji, kuna neno moja ambalo nimelisikia mara nyingi katika madarasa niliyofundisha, nami nalichukia. Neno hilo ni "mbovu". Nikimwonyesha mwanafunzi picha ya mchezo wa kompyuta uliotungwa mwaka 1983 au 1984, huzitazama nukta zake nene, rangi zake chache na watu wake waliokonda kama vijiti vya kiberiti, akacheka, akasema kuwa picha hizi ni mbovu. Kisha hujiona amekwisha kutoa hukumu, na shauri limekwisha. Mimi nasema kuwa shauri halijaanza. Hukumu itolewayo bila ya kuuliza mshtakiwa alikuwa na nini mkononi ni dhuluma, na dhuluma hii humrudia yeye mwenyewe aliyeitoa, kwa kuwa humnyima elimu ambayo angaliipata kwa bei rahisi sana.

Nisidhaniwe kuwa nasema haya kwa kuulilia ujana wangu. Kompyuta nitakazozitaja zilikuwa zimekwisha kupitwa na wakati nilipokuwa mtoto, wala kijijini kwetu haikuwako hata moja. Mchezo wa kwanza nilioucheza mimi ulikuwa ule wa nyoka, katika simu ya mjomba wangu aina ya Nokia 3310. Kioo cha simu ile kilikuwa na nukta 84 kwa upana na 48 kwa urefu, yaani nukta 4,032 kwa jumla, na kila nukta ilikuwa ama nyeusi ama si nyeusi. Nyoka mwenyewe alikuwa mstari tu. Sikumbuki hata mtu mmoja aliyesema kuwa nyoka yule ni mbovu. Nakumbuka kuwa tuligombania zamu mpaka mjomba akaificha simu katika mfuko wa koti.

Sasa na tufanye hesabu, maana ubishi usio na hesabu ni kelele. Mwezi wa Desemba mwaka 1981 kampuni ya Acorn ya mji wa Cambridge, Uingereza, ilitoa kompyuta iliyoitwa BBC Micro, kwa ajili ya mpango wa shirika la utangazaji la BBC wa kuwafundisha raia elimu ya kompyuta. Serikali ya nchi ile ilizisaidia shule kwa kulipa nusu ya bei, ikaingia madarasani kwa wingi. Ile iliyoitwa Modeli B ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 32, yaani baiti 32,768. Picha moja uipigayo leo kwa simu huweza kula kumbukumbu karibu mara mia ya hiyo. Katika baiti zile chache ilikuwa lazima kuweka kila kitu: picha iliyo kiooni, programu yenyewe, alama za mchezaji, mahali alipo adui, na sauti ya risasi.

Kompyuta hiyo ilikuwa na modi nane za kioo, zilizohesabiwa tangu 0 hata 7. Modi si neno la kutisha. Ni namna ya kuigawanya kumbukumbu iliyotengwa kwa ajili ya kioo. Nukta iwezayo kuwa na rangi mbili tu huhitaji biti moja. Nukta iwezayo kuchagua katika rangi nne huhitaji biti mbili, na katika rangi kumi na sita huhitaji biti nne. Modi ya 0 ilikuwa na nukta 640 kwa 256, kwa rangi mbili. Modi ya 1 ilikuwa na nukta 320 kwa 256, kwa rangi nne. Modi ya 2 ilikuwa na nukta 160 kwa 256, kwa rangi kumi na sita, ingawa nane katika hizo zilikuwa za kumetameta kwa kupokezana, jambo ambalo kwangu ni ulaghai kidogo. Chukua kalamu, msomaji, uzidishe, kisha ugawanye kwa nane. Utaona kuwa modi zote tatu zilichukua baiti 20,480, bila ya kupungua wala kuzidi hata moja.

Maana yake ni nini? Ni kuwa hapakuwa na modi nzuri na modi mbovu. Palikuwa na kitambaa kimoja na mishono mitatu. Fundi mwenye kitambaa cha kutosha kanzu moja aweza kushona kanzu, au aweza kushona mashati mawili ya watoto, lakini hawezi kushona vyote kwa pamoja, na mteja amchekaye kwa kuwa shati halina urefu wa kanzu amejionyesha mwenyewe kuwa hajui ushonaji. Aliyetaka mistari myembamba aliilipia kwa rangi. Aliyetaka rangi alizilipia kwa unene wa nukta. Na aliyetaka vyote aliambiwa na hesabu, si na mtu, kuwa haiwezekani.

Tena bei haikuishia hapo. Ukitoa baiti 20,480 za kioo katika baiti 32,768 hubaki 12,288, na mashine yenyewe ilitwaa zaidi ya 3,500 kwa mahitaji yake. Mtunzi wa mchezo aliachiwa pungufu ya baiti 9,000 za kuandikia ulimwengu wake mzima. Insha hii unayoisoma haingeenea humo. Kwa hiyo wengi walishuka hadi modi ya 4 au ya 5, ambazo zilichukua baiti 10,240 kila moja: ya 4 kwa nukta 320 za rangi mbili, ya 5 kwa nukta 160 za rangi nne. Basi uonapo mchezo wa kale wenye rangi mbili, usiseme kuwa mtunzi wake hakujua uzuri wa rangi. Sema kuwa aliziuza rangi ili anunue nafasi, kisha ndipo uulize alinunua nini.

Nitakuonyesha ununuzi mmoja. Mwezi wa Septemba mwaka 1984 palitoka mchezo ulioitwa Elite, uliotungwa na vijana wawili, David Braben na Ian Bell, waliokuwa wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Mchezaji hupewa chombo cha kusafiria baina ya nyota, akafanya biashara, akapigana na maharamia. Vyombo huchorwa kwa mistari mitupu, kama vikapu visivyosukwa, walakini huzunguka na kusogea kwa vipimo halisi vya urefu, upana na kina. Mistari hiyo ilihitaji nukta nyembamba, yaani modi ya 4. Lakini chini ya kioo palikuwa na ubao wa vipimo vya mwendo, mafuta na ngao, na ubao huo bila ya rangi haukusomeka kwa wepesi. Ulihitaji modi ya 5. Mashine ilikuwa na modi moja tu kwa wakati mmoja. Wangefanya nini?

Walitazama jinsi picha ya televisheni inavyofanyika. Picha ile haitokei kwa pigo moja. Mwale hushuka kiooni mstari kwa mstari, toka juu hata chini, mara 50 kwa kila sekunde. Vijana hao wakaiandikia mashine saa ndogo. Mwale ulipokuwa juu, mashine ilikuwa katika modi ya 4. Mwale ulipoufikia mpaka wa ubao wa vipimo, saa ililia, programu ikaacha kila ilichokuwa ikifanya, ikabadili modi kuwa ya 5, kisha ikarudi kazini. Jambo hilo liliwezekana kwa kuwa modi zote mbili hula kumbukumbu sawa: baiti moja katika modi ya 4 ni nukta nane za rangi mbili, na baiti ile ile katika modi ya 5 ni nukta nne za rangi nne. Kumbukumbu haikubadilika, yaliyobadilika ni macho yaliyoisoma. Kisha wakapunguza upana wa kioo hata nukta 256, wakapata baiti nyingine za bure, na hesabu ya kutafuta mahali pa nukta ikawa nyepesi.

Baiti walizozikomboa ndizo walizozinunulia ulimwengu. Elite ina makundi manane ya nyota, na katika kila kundi nyota 256 zenye sayari, majina, serikali na bei za bidhaa. Hayo hayakuandikwa popote katika kumbukumbu. Yalikokotolewa kutoka katika namba chache za mbegu kila mchezaji alipoyahitaji, kama vile mkulima asivyobeba shamba zima kwenda nalo sokoni, bali hubeba mbegu. Ndugu yangu unayecheka, ni nani aliye mbovu hapa?

Nije kwa kompyuta ya pili, maana hiyo ndiyo inayochekwa kuliko zote. Kampuni ya Sinclair, nayo ya Cambridge, ilitoa ZX Spectrum mwezi wa Aprili mwaka 1982. Ile ndogo ilikuwa na kilobaiti 16 na iliuzwa kwa paundi 125. Ile kubwa ilikuwa na kilobaiti 48 kwa paundi 175. Kioo chake kilikuwa na nukta 256 kwa 192. Haikuwa na modi za kuchagua. Ilikuwa na sheria moja. Nukta zote zilichukua biti moja moja, baiti 6,144. Kisha kioo kiligawanywa katika vyumba vya nukta 8 kwa 8, vyumba 32 kwa upana na 24 kwa urefu, na kila chumba kilipewa baiti moja ya kutaja rangi mbili: ya wino na ya karatasi. Jumla ni baiti 6,912.

Matokeo yake wayajua kama umepata kuona picha zake. Mtu mweupe apitapo mbele ya mti wa kijani, ama mtu hugeuka kijani ama kipande cha mti hugeuka cheupe, kwa sababu chumba kimoja hakiruhusu rangi ya tatu. Watu hucheka sana waonapo hayo. Mimi nawauliza swali moja tu. Lau kila nukta ingalipewa rangi yake kwa biti tatu, kioo kingalikula baiti 18,432, na kumbukumbu yote ya mashine ile ndogo ilikuwa baiti 16,384. Picha ingaliikula mashine nzima na bado ingalilia njaa. Je, wewe ungalifanyaje? Mpaka leo sijapata mchekaji aliyenijibu.

Walioijibu sheria ile walikuwa watunzi wenyewe, na kila mmoja alijibu kwa njia yake. Mwaka huo huo wa 1984 kampuni ya Ultimate Play the Game ilitoa Knight Lore. Kila chumba cha ngome kilichorwa kwa rangi moja juu ya weusi. Watunzi wake walikataa kabisa kupigania rangi, wakatumia nguvu zao zote katika umbo: ukuta, ngazi, meza na mtu vikaonekana kwa pembe, vikiwa na kina, mtu aweza kupita nyuma ya jiwe akafichika na kutokea upande wa pili. Kompyuta ya Commodore 64, iliyotoka mwaka 1982, iliupitia ugumu huo kwa mlango mwingine. Yenyewe ilikuwa na vipande vinane vya picha, kila kimoja nukta 24 kwa 21, ambavyo chipu ya picha ilivielekeza juu ya mandhari bila ya kuigusa. Ni njia nzuri, lakini nane ni nane, na adui wa tisa alihitaji hila nyingine.

Mfano wa mwisho naupenda kupita yote. Jordan Mechner, Mmarekani, alipokuwa akitunga Prince of Persia kwa kompyuta ya Apple II, mchezo uliotoka mwaka 1989, alimpiga picha za video mdogo wake akikimbia na kuruka, kisha akayachora mapigo hayo moja baada ya moja. Mwendo ule ulikuwa wa kupendeza, lakini uliimaliza kumbukumbu. Alitaka adui, na nafasi ya kumchora adui haikuwako. Basi akaichukua picha ya shujaa yule yule, akailaza juu yake yenyewe ikiwa imesogea nukta moja, akaziacha zile nukta tu zilizohitilafiana. Ikatoka taswira yenye kung'aa pembezoni, kama kivuli kilichopata roho. Hakuongeza picha hata moja, naye amepata adui, tena adui aliye shujaa mwenyewe.

Hapa yanipasa nisimame, kwa sababu wako rafiki zangu ambao hunikosea kwa upande wa pili. Husikia mifano hii, wakasema kuwa basi uhaba ni mama wa ufundi, na heri watoto wetu wapewe kidogo. Hilo ni kosa kubwa kuliko la wachekaji. Uhaba haukutunga Elite. Maelfu ya watu walikuwa na baiti 32,768 zile zile, na wengi wao walitunga takataka ambazo hakuna azikumbukaye. Waliofanikiwa walikuwa na mashine nyumbani, usiku na mchana. Walikuwa na kitabu kilichoieleza mashine ile mpaka ndani. Walikuwa na majarida yaliyochapa programu nzima ili msomaji aichape kwa mkono wake. Na walipowasha umeme, kitu cha kwanza walichokiona ni mashine ikingoja kuamriwa. Asije mwenye mamlaka yoyote akaitwaa insha hii akasema kuwa kumbe shule haihitaji kompyuta. Nitamkana. Nisifuye mimi ni kuijua sheria, si kukosa mali.

Na sheria haikufutwa. Utaniambia kuwa simu ya leo ina kumbukumbu isiyo na mwisho. Shika kalamu tena. Kioo chenye nukta 720 kwa 1,600, na baiti tatu za rangi kwa kila nukta, huhitaji baiti 3,456,000 kwa picha moja, na picha hubadilika mara 60 kwa sekunde. Ni mzigo mkubwa kuliko wote uliowahi kubebwa na Spectrum, na yuko mtu aliyekaa akauhesabu ili wewe usiuone. Tofauti ni kuwa wewe hukualikwa. Umepewa mchezo uliofungwa, na ukitaka kuupata hununua bando kwa fedha ya mzazi wako, ukapakua mamilioni ya baiti, kisha ukaridhika kusema kuwa huu ni mzuri na ule ni mbovu. Huo ni msamiati wa mnunuzi. Nakutaka uwe na msamiati wa fundi.

Nikuongezee jambo moja ulipime. Katika nyumba ile ile ya Acorn, Sophie Wilson, aliyeiandika lugha ya BASIC ya BBC Micro, na Steve Furber walisanifu prosesa mpya, na ya kwanza ilianza kazi tarehe 26 Aprili 1985. Iliitwa ARM. Prosesa za ukoo huo ndizo zilizomo leo katika karibu simu zote za kisasa, na yamkini katika hiyo uliyoificha chini ya dawati. Waliozipima baiti za modi ya 2 ndio waliokutengenezea kitu unachokitumia kuwacheka.

Katika shule moja niliyofundisha baada ya kutoka chuo cha ualimu, kompyuta zilikaa katika chumba chenye kufuli mbili, zimefunikwa vitambaa kama maiti. Wanafunzi waliingizwa mara moja kwa juma, wakafundishwa kukoza herufi, kupigia neno mstari, na kuandika barua ya kuomba kazi. Umeme ulipokatika, somo nalo lilikatika. Mwenzangu mmoja, mtu mwema, aliniambia kuwa michezo si masomo, na kuwa mtihani hauulizi habari za rangi. Sikubishana naye siku ile. Siku ya pili umeme ukakatika tena, nikagawa karatasi za miraba za daftari za hesabu.

Nikawaambia wachore vyumba vya miraba 8 kwa 8. Mraba uliotiwa wino ni moja, mtupu ni sufuri. Mstari wenye 00111100 wakaugundua wenyewe kuwa ni 60, na darasa lililokuwa likiulalamikia mfumo wa namba mbili kwa muhula mzima likaacha kulalamika. Kisha nikawapa sheria ya Spectrum, rangi mbili kwa kila chumba, nikawataka wachore mbuzi mweupe amesimama katika majani ya kijani, na nyuma yake mbingu ya samawati. Karibu wote walikwama mahali pamoja. Upeo wa macho ulipita katikati ya vyumba alimosimama mbuzi, rangi zikawa tatu, na mbuzi wengi wakapata matumbo ya samawati. Palikuwa na kicheko kingi, lakini hakikuwa kile kicheko ninachokichukia.

Msichana mmoja wa kidato cha pili, ambaye kwa kawaida hakusema neno, alifuta mstari wa upeo, akaushusha nukta tatu hata ukalala juu ya mpaka wa vyumba. Juu ya mpaka pakabaki nyeupe na samawati. Chini yake nyeupe na kijani. Mbuzi akawa mweupe mwili mzima. Mwenzangu yule alikuwa amesimama mlangoni, ameingia kutafuta chaki, akaiangalia karatasi kwa muda.

Kisha msichana akainua mkono akauliza, "Mwalimu, na mbuzi akianza kutembea?"

Swali hilo lilitumaliza juma zima.